Chuo Kilichojengwa Mgombani kwa Mama

Shabani anasema baba alimshika mkono wa kulia, akauvuta mpaka kifuani, akamwambia, "Ndugu yangu Shabani, mimi nakwenda. Nizikeni hapa hapa mgombani, na chuo changu kihamie nilipolala, watoto wasome kichwani pangu mpaka siku ya kufufuliwa." Halafu, anasema Shabani, baba alitabasamu, chumba kikanukia udi ambao hakuna mtu aliyeufukiza, na roho ikatoka.

Hivyo ndivyo anavyosema jirani yetu, ambaye uzio wake wa matete unagusana na wetu. Anasema barazani kwake akipima chumvi, anasema gulioni, anasema nje ya msikiti watu wakivaa viatu. Wanawake wakimsikia hujifuta macho. Hata mimi ningejifuta, kama nisingekuwa chumbani siku ile.

Nilikuwa nimekaa kichwani pa kitanda, nimepakata bakuli la maji na kipande cha pamba. Baba alikuwa amepotewa na sauti tangu alfajiri. Neno lake la mwisho lilikuwa kabla ya jua kutoka, alimwuliza mama kama mbuzi wamefunguliwa, mama akamwambia wamefunguliwa. Baada ya hapo kilichosikika ni pumzi tu. Shabani alikuja adhuhuri. Alisimama mlangoni ameziba pua kwa ncha ya kilemba, akasema "Poleni", akaondoka. Mkono uliokuwa mkononi mwa baba ulikuwa wangu.

Na mara ya kwanza hakusema hivyo. Siku ya matanga alisema kwamba alipoingia alimkuta Mwalimu anatoa shahada, basi. Siku ya arobaini ukaongezeka mkono, na wasia. Udi ulikuja baadaye, miti ya kujengea ilipokwisha kukatwa. Mimi si msemaji sana, lakini husikiliza, na mtu akinisimulia jambo lile lile mara tatu huwa najua lipi limezaliwa jana.

Baba yangu ni Mwalimu Haidari bin Musa. Alifika Karagwe na msafara kutoka Pangani, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bukoba. Msafara ukarudi pwani na pembe zake, yeye akabaki na misahafu yake. Nkwenda wakati huo ilikuwa nyumba chache za wafanyabiashara na njia ya kwenda ng'ambo ya mto. Akaanzisha chuo cha Kurani. Alisomesha watoto wa wenye maduka, na watoto wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, waliokuja asubuhi kutoka Kibingo, kila mmoja na ubao wake kwapani na ukuni mmoja kichwani. Waliotoka mbali, kama Igurwa, walilala kwetu na kula kwetu. Mimi pia nilisoma kwake, nikajua kuandika, mpaka nilipokuwa mwari nikaambiwa inatosha.

Chuo chenyewe kilikuwa banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa ghala la Bwana Ramadhani. Huyu ndiye tajiri wa mji wetu. Ngozi zote za ng'ombe na mbuzi za upande huu hupita mikononi mwake kwenda Bukoba. Watoto walisoma na harufu ya ngozi mbichi puani, na mvua ikinyesha waliinama juu ya mbao zao ili wino usifutike, ikawanyeshea mgongoni. Kila masika baba alikwenda kwa Bwana Ramadhani kuomba nyasi za kuezekea. Kila masika Bwana Ramadhani alimpa kahawa ya kutafuna, akamwuliza hali ya watoto, akamwambia, "Tutaona, Mwalimu." Baba alirudi nyumbani na kahawa mdomoni. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kumjengea nyumba ya kuta nene, baba alipokuwa hana tena mgongo wa kulowa.

Mahali tulipokaa palikuwa pa mama. Mama ni Mnyambo, kwao wanamwita Kokugonza, na aliposilimu baba akamwita Asia. Ndugu zake wote walikwisha mwaka wa ndui. Babu akabaki na yeye peke yake, akampa kibanja chake mbele ya majirani, shamba zima la migomba na nyumba iliyo katikati yake. Baba akahamia kwa mkewe. Wafanyabiashara walimcheka sana kwa hilo.

"Mwalimu ameolewa," walisema. "Siku gani tutakuletea mahari yako?"

Baba alikuwa akicheka nao. "Mahari nimekwisha kula," aliwajibu. "Ilikuwa mikungu ya ndizi."

Alipokufa, Bwana Ramadhani na wenzake walikuja na jeneza wampeleke makaburini kwao, kule rweyani kwenye nyasi tupu, walikolala watu wa pwani. Mama akakataa. Kwao mtu huzikwa ndani ya kibanja chake, na kaburi ndilo linalomwambia kila apitaye kwamba mahali hapa pana wenyewe. Aliniambia, huku analia, "Baba yako alikuja mgeni, atalala kama mwenyeji. Akilala hapa, hakuna atakayekuja kesho kukuuliza wewe ni nani na unafanya nini kwenye migomba hii."

Bwana Ramadhani alibisha, akasema si desturi. Halafu nikamwona Shabani anamvuta kando, karibu na zizi la mbuzi, anamnong'oneza. Walisimama pale kitambo. Bwana Ramadhani aliporudi, uso ulikuwa mwingine kabisa.

"Haya," alisema. "Mjane ana haki ya kuliwazwa. Chimbeni hapa."

Mama akamshukuru. Akamwita kaka.

Baada ya mazishi mama akaingia edani. Aliyemkalisha ni Bi Shufaa, mke wa Shabani, kwa kuwa alizaliwa pwani na alijiona ndiye mwenye sheria zote. Alimvika mama shuka nyeupe, akamtungikia pazia, akamwambia kizuka haonwi na wanaume, hawatazami, wala sauti yake haiwafikii, miezi minne na siku kumi. Mama alikubali kila kitu. Alikuwa amesilimu kwa ajili ya baba, na sasa aliogopa kwamba kosa lake lolote lingemfuata baba huko alikokwenda.

Arobaini ilipopita, wakaja watu na kamba na vigingi. Nilikuwa napura maharage uani. Nikawaona wanapima kutoka kaburini kwenda upande wa barabara, wanapigilia vigingi katikati ya migomba, bila kubisha hodi. Siku ya pili yake wakaja na mapanga. Mgomba hauanguki kwa kishindo kama mti. Unapigwa, unatoa maji, unalala.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. "Mwaja," aliniita, "nani anakata?"

"Watu wa Bwana Ramadhani."

"Wanakata majani?"

"Wanakata migomba, mama. Wanasema wanajenga chuo."

Akasimama. Bi Shufaa alikuwa amekaa mlangoni anasuka ukili. Akanyoosha mguu, akaziba kizingiti.

"Unakwenda wapi, bibi wewe?"

"Kwenye migomba yangu."

"Na shuka hiyo nyeupe? Wanaume wamejaa huko. Unataka mumeo asimame mbele ya Mola wake aulizwe habari ya mke aliyetembeza eda barabarani?"

"Basi nitasema nikiwa humu ndani. Nitapaza sauti watanisikia."

"Sauti nayo ni uchi, Bi Asia. Kaa."

Mama akakaa. Nilimtazama akikaa, na hata leo nikikumbuka hupata joto shingoni. Mwanamke yule alikuwa hafungiwi na mtu. Alikuwa akiwafukuza ngedere kwa mawe na wezi wa mikungu kwa matusi, na baba alikuwa akimtania kwamba migomba inamwogopa ndiyo maana inazaa. Sasa amekaa mkekani ameshika masikio, na nje panga linapiga. Walijua anampenda baba, wakayachukua mapenzi yale wakamfungia mlango.

"Nenda wewe," aliniambia kwa sauti ndogo. "Nenda dukani kwa Ramadhani. Mwambie sikuulizwa."

Nikajifunga kanga nikaenda. Bwana Ramadhani alikuwa barazani mwa duka lake na watu watatu wanne wa mjini, na Shabani amekaa juu ya robota la merikani anatafuna kahawa.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, binti Mwalimu. Umekuja kuchagua nguo ya siku ya kufungua chuo?"

"Mama ameniagiza. Anasema migomba ni yake, alipewa na baba yake, na hakuulizwa."

"Mama yako yumo edani. Tangu lini kizuka akatuma salamu kwa wanaume?"

"Basi nasema mimi."

"Haya, sema. Tunasikia."

"Baba hakusema chuo kihamie kwetu. Ami Shabani alipokuja, baba alikuwa hana sauti tangu alfajiri. Ami hakuketi, wala hakushikwa mkono. Nilikuwako."

Nilidhani Shabani ataona haya. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Maskini ya Mungu," alisema. "Mtoto alikuwa amesinzia kwa uchovu. Nilimfunika mwenyewe."

"Sikusinzia, ami."

"Shahidi wako nani?" aliuliza Bwana Ramadhani.

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ni mwanamke, na mwanamke mmoja ni nusu ya shahidi. Kalete nusu ya pili, tuwashone pamoja, labda tutapata mtu."

Baraza zima likacheka. Mmoja akauliza kama watatushona kwa uzi wa ngozi. Nikangoja wamalize.

"Na Ami Shabani ni mmoja tu," nikasema. "Baba alinisomesha kwamba wasia hutaka watu wawili."

Kicheko kikapungua. Mtu akasema taratibu, "Haya, Shabani, umejibiwa." Shabani akatema kahawa.

Bwana Ramadhani hakukasirika. Alikunjua miguu yake, akasema nami kama mtu anayemweleza mtoto mahali pa kuteka maji. "Wa pili ni marehemu mwenyewe, binti. Amelala wapi? Sisi tulikuja na jeneza tumpeleke kwa wenzake, nanyi mkapiga kelele mpaka mkashinda. Mmemweka mgombani wenyewe. Sasa kaburi la mwalimu si la mkewe. Ni la Waislamu wote, na watu lazima wafike kulizuru, na chuo kiwe karibu na mwalimu wake. Kama ulikuwa hujui, leo umejua. Msalimie mama. Mwambie asihuzunike, jina la mumewe halitapotea."

Hapo ndipo nilipoelewa kile kilichonong'onwa karibu na zizi la mbuzi. Mama alidhani kaburi linatufungia mlango kwa ndani. Wao waliona limewafungulia.

Nikarudi kwa njia ya uani kwake, penye ghala. Banda la chuo lilikuwa limevuliwa mikeka, mikeka imetupwa kando ya choo. Pale walipokuwa wakikaa watoto wadogo, wale wa alifu, palikuwa pamesimamishwa fremu za miti na ngozi zimewambwa juu yake, nyingine zinatoka damu bado. Nyumba mpya haijapigwa hata udongo, na ngozi zimekwisha kuhamia. Kumbe Bwana Ramadhani alihitaji nafasi. Ghala lake lilikuwa limejaa, na chuo cha baba ndicho kilichokuwa kimeziba. Nilisimama pale mpaka kijana mmoja wa kazi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jioni nilimkuta Bi Shufaa anamwandalia mama maji ya kutawadhia. Nikamfuata nyuma ya nyumba.

"Bi Shufaa, siku ile wewe ulileta uji."

"Nilileta."

"Uliingia ukamfunika baba miguu. Alikuwa anasema?"

"Uji niliuacha mlangoni."

"Uliingia, Bi Shufaa. Ulisema miguu yake ina baridi."

Aliinama akaosha kata, akaiosha tena ingawa ilikuwa safi. "Mwaja," alisema, "mimi nalala nyumba ya nani?"

"Ya Ami Shabani."

"Basi, mwanangu. Usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Nilimchukia siku kadhaa, kisha nikaona chuki hiyo naiweka mahali padogo, nikairudisha kwa wenyewe, Shabani na Bwana Ramadhani.

Kuta zikapanda. Watu wa pwani hawajengi msonge wa mviringo kama Wanyambo. Ilikuwa nyumba ndefu ya pembe nne, udongo umepigwa mpaka ukawa laini kama chungu, na baraza mbele ya kukalia wakubwa. Wapita njia walisimama wakasifu. Wanawake waliokuja kumpa mama pole walimwambia ana bahati. "Nani kati yetu mumewe atajengewa jumba?" aliuliza mmoja. "Wa kwangu akifa watamjengea banda la kuku." Wakacheka, na mama, nyuma ya pazia, akasema ahsanteni. Nami nikaenda jikoni nikapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa.

Tulikuwa tumeanza kupika ndizi changa. Migomba iliyokatwa ndiyo iliyokuwa mizuri, ile ya upande wa barabara ambako maji ya mvua hukaa, na kati ya iliyobaki mafundi walijikatia majani ya kulalia na vitumba vya kulishia punda. Ubao wa juu ya mlango ukafika, umechongwa maua pembeni. Juu kabisa umeandikwa jina la aliyejenga, Ramadhani bin Hilali, na chini yake, chuo cha marehemu Mwalimu Haidari. Nilikwenda nikausoma nikiwa peke yangu. Kwa miaka yote ile mtu huyo hakumpa baba mganda mmoja wa nyasi.

Kisha Shabani akaja mwenyewe uani kwetu, amevaa kanzu safi. Aliniita nje.

"Mwalimu mpya anakuja kutoka Bukoba," alisema. "Ni mtu mzito, ana familia. Anahitaji nyumba karibu na chuo."

"Nyumba ipi?"

"Hii. Si ndiyo nyumba ya mwalimu? Hapa si amekaa mwalimu siku zote?"

Akaniwekea mkono begani.

"Mama yako hatutamtupa. Bwana Ramadhani ametoa chumba uani kwake, nyuma ya ghala. Atapata chakula. Na wewe tutakutafutia mume, usiwe mkali mkali hivi, wanaume hawapendi."

"Na migomba iliyobaki?"

"Mwalimu mpya atakula nini?" alisema, akashangaa kweli, kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu.

Niliondoa mkono wake begani nikaingia ndani, nikamweleza mama yote, nyumba na chumba cha nyuma ya ghala na migomba. Nilimweleza mbele ya Bi Shufaa makusudi. Mama alisikiliza, hakulia. Akamwuliza Bi Shufaa siku ya kufungua chuo ni lini.

"Ijumaa ile baada ya eda yako kwisha. Wewe unatoka Alhamisi, unaogeshwa, unavikwa, Ijumaa unakaa na sisi wanawake nyuma ya pazia, mle mle chuoni. Watasoma hitima. Kisha Bwana Ramadhani atakuomba radhi mbele ya watu."

"Radhi ya nini?"

"Ya mahali. Ili isije ikasemwa baadaye. Utasema nimeridhia."

"Na nisiposema?"

"Ukishikwa na kilio pia si neno. Kunyamaza kwako kutatosha, kama bibi harusi."

Mama akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Siku zilizobaki alikula alichopewa, akaswali. Bi Shufaa aliwaambia wenzake kwamba Bi Asia amepoa, amekuwa mtu wa dini hasa. Mimi nilikuwa namwona mikono. Ilikuwa haikai magotini hata kidogo.

Alhamisi akaogeshwa, shuka nyeupe ikavuliwa. Ijumaa, kabla ya watu kuamka vizuri, alivaa kaniki yake ya shambani akaenda kuizunguka migomba iliyobaki, mmoja mmoja, akiigusa. Alisimama pale ilipokatwa. Visiki vilikuwa vimeanza kutoa machipukizi, na mafundi walikuwa wamevikanyaga. Hakufika kaburini. Kaburi lilikuwa limepakana na ukuta wa chuo, karibu sana, hata chokaa imelirukia.

Baada ya swala watu wakajaa. Wenye maduka walikuja na kanzu zao, Wanyambo waliosoma kwa baba walikuja na wake zao wakakaa nje barazani, na mwalimu mpya akaketishwa kwenye zulia mbele. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la merikani. Pilau lilikuwa linanukia kutoka kwenye meko ya nje. Wakasoma hitima mpaka mwisho. Nilisikia vijana waliofundishwa na baba wanavuta herufi vile vile alivyokuwa anavuta yeye, na kwa muda kidogo sikuwa na hasira na mtu.

Kisha Shabani akasimama akasimulia. Alisimulia mkono, alisimulia maneno, alisimulia udi. Safari hii akaongeza kwamba baba alimtaja Bwana Ramadhani kwa jina na kumwombea maisha marefu. Watu wakasema Allahu Akbar.

Bwana Ramadhani akakohoa, akageukia pazia. "Bi Asia, shemeji yetu. Umesikia wasia wa marehemu. Mahali hapa tumepafanya pa kheri, na thawabu zake zinamfikia yeye na wewe. Tunakuomba radhi yako mbele ya jamaa hawa."

Wanawake wote wakamgeukia mama. Bi Shufaa akamfinya kidogo kwenye paja. Mama akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikasikia watu wanaambiana ameshindwa na kilio, na Bwana Ramadhani anasema, "Basi, mmeona wenyewe, kheri." Nikamfuata mama. Alikuwa ukutani mwa nyumba yetu anachukua majembe. Moja alilishika yeye, la pili akanipa.

Tukazunguka. Tukapanda barazani katikati ya watu, wakatupisha bila kujua wanatupisha kwa nini. Mama akasimama kwenye mlango mkubwa, chini ya ule ubao. Alikuwa amejitanda vizuri, uso tu unaonekana.

"Bwana Ramadhani," alisema, "Kiswahili changu ni cha jikoni, mtanisamehe. Nimekaa ndani nikiwasikia, sasa nimetoka. Mmesema chuo kinamfuata mwalimu alikolala. Mimi sikujua. Kwetu mtu akilala kwenye kibanja, kibanja kinakuwa cha watoto wake. Kwenu kinakuwa chenu. Nilikosea mimi, nikamweka hapa."

"Bi Asia, haya si maneno ya leo."

"Ni ya leo. Ninaomba kitu kimoja. Mchukueni. Yuko hapo nyuma ya ukuta, nyote mnapajua. Mfukueni mumpeleke uani kwa Bwana Ramadhani, pale penye ngozi, ndipo alipofundisha maisha yake yote. Na chuo kimfuate. Mimi mniachie migomba yangu na mtoto wangu."

Mtu akasema Astaghfirullah. Mwalimu mpya alimtazama Bwana Ramadhani, halafu akatazama zulia.

"Umechoka, shemeji," alisema Bwana Ramadhani, na sauti yake haikuwa ile ya dukani. "Eda ndefu. Shufaa, mchukue mwenzako akapumzike."

"Nimepumzika. Miezi minne nimekaa tu." Mama hakumtazama tena. Alikuwa anamtazama Shabani, aliyekuwa bado amesimama mahali pake pa kusimulia. Akamnyooshea mpini wa jembe juu ya vichwa vya waliokaa. "Shabani, wewe umesema alikuita ndugu. Anza wewe. Tafadhali."

Shabani alitazama mpini. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa kanzu, haukutoka. Bwana Ramadhani alitazama nje, kule kwenye masufuria. Mama hakushusha mkono. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika jembe la pili.